Wagonjwa wa Pumu Wasingoje Kubanwa

Tangu enzi za TANU, Chama chetu kiliwataja maadui watatu wa Taifa hili kuwa ni ujinga, maradhi na umaskini. Katika vita dhidi ya maradhi tumezoea kuwakabili zaidi wale wanaokuja kwa kishindo: malaria, kipindupindu, kifua kikuu na UKIMWI. Kampeni zimefanywa, fedha zimetengwa, na matunda yameonekana. Lakini yako maradhi mengine yasiyokuja kwa kishindo. Hayaui kijiji kizima kwa wiki moja. Humkamata mtu mmoja usiku wa manane, jirani asisikie lolote, na asubuhi ama amepata nafuu na kwenda kazini, ama hayupo tena. Pumu ni mojawapo ya maradhi hayo.

Makala hii inahusu Mkoa wa Njombe, hususan mji wa Njombe wenyewe na mji wa Makambako. Hoja yake ni moja: kwamba tunaishughulikia pumu kwa namna ya zima moto. Tunangoja mgonjwa abanwe ndipo tumkimbize hospitali, tumpe dawa ya kumfungua kifua, na kumrudisha nyumbani angoje kubanwa tena. Huo si mpango wa tiba. Mpango wa tiba ni ule unaomfanya mgonjwa asibanwe. Njia za kufanya hivyo zinajulikana, na sehemu kubwa ya njia hizo imo mikononi mwa watumishi wa umma na walimu.

BARIDI, MOSHI NA VUMBI

Kwanza hatuna budi kuelewa pumu ni nini. Njia za hewa za mgonjwa wa pumu zina uvimbe wa kudumu ndani yake, hata siku ambazo yeye mwenyewe anajiona mzima kabisa. Uvimbe huo huzifanya njia hizo ziwe nyepesi kuchokozeka. Kikija kichokozi, misuli inayozizunguka hujikaza, utando wa ndani huvimba zaidi, makamasi mazito huziba nafasi iliyobaki, na mgonjwa huanza kutoa mlio kama wa filimbi kifuani. Kwa hiyo yako mambo mawili yanayopaswa kutenganishwa: uvimbe, ambao ndio ugonjwa wenyewe, na kubanwa, ambako ni matokeo yake. Mwenye kutibu kubanwa peke yake anafuta moshi na kuuacha moto ukiwaka.

Sasa tutazame mazingira. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Katika miezi ya Juni, Julai na Agosti usiku huwa wa baridi kali, na asubuhi ukungu hufunika vilima hadi jua linapopanda. Hewa ya baridi na kavu ni kichokozi kinachojulikana cha pumu. Lakini baridi haifanyi kazi peke yake. Katika majira hayo mafua huenea upesi kwa kuwa watu hujifungia ndani wakiwa wengi, na mafua ndiyo yanayoongoza kwa kuwabana wagonjwa wa pumu, watoto kwa wakubwa. Isitoshe, baridi huwafanya watu wafunge madirisha na kuingiza jiko la mkaa au kuota moto wa kuni ndani ya chumba wanacholala. Hapo vichokozi vitatu hukutana usiku mmoja katika nyumba moja: baridi, mafua na moshi. Na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa lina hatari nyingine isiyohusu pumu hata kidogo, yaani hewa ya sumu isiyo na harufu ambayo huua hata mtu mwenye mapafu mazima.

Makambako, umbali wa kilomita 60 hivi kutoka Njombe, ina sura yake. Ni njia panda ya barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Tunduma na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA inapita hapo. Ni mji wa biashara, wa malori na wa upepo. Upepo wake ni mkubwa kiasi kwamba wataalamu wameutaja mji huu, pamoja na Singida, miongoni mwa sehemu zinazofaa kuzalisha umeme wa upepo. Upepo huo huo, ukipita juu ya udongo mkavu wa Septemba na Oktoba, hubeba vumbi na kulitia katika kila nyumba, kila darasa na kila kifua. Ongeza moshi wa malori, na moshi wa mashamba yanayochomwa wakati wa kuyaandaa kwa kilimo. Aidha, mkoa huu ni mkoa wa misitu na mbao. Watu wengi hupata riziki katika viwanda vya kupasua mbao, ambako unga wa mbao huelea hewani kutwa nzima. Mfanyakazi mwenye pumu ambaye hubanwa siku za kazi na kupata nafuu siku za mapumziko anatoa ushahidi ambao mwajiri wake na daktari wake wanapaswa kuusikiliza.

DAWA MBILI, KAZI MBILI

Watu wengi, hata wasomi, wanajua dawa moja tu ya pumu, ile ya kufungua kifua. Dawa hiyo, salbutamoli, hulegeza misuli iliyojikaza, na ikivutwa kwa kipulizio hufanya kazi katika dakika chache. Ni dawa nzuri na imeokoa maisha ya watu wengi. Lakini haigusi uvimbe. Dawa inayotuliza uvimbe ni nyingine, nayo ni steroidi ya kuvuta kama vile beklometasoni au budesonidi. Hii haimfungui mtu kifua papo hapo. Hutumiwa kila siku, kwa kipimo kidogo, mgonjwa akiwa mzima, na faida yake ni kwamba siku za kubanwa hupungua sana, na hatari ya kufa hupungua pia.

Kwa miaka mingi mgonjwa wa pumu nyepesi alipewa salbutamoli peke yake. Mwaka 2019 jopo la kimataifa la wataalamu wa pumu, lijulikanalo kwa kifupi GINA, lilibadili mwongozo huo. Lilisema kwamba mtu mzima au kijana mwenye umri wa miaka 12 na kuendelea asitibiwe kwa dawa ya kufungua kifua pekee, bali kila mgonjwa apate na steroidi ya kuvuta, ama kila siku, ama ikiwa imechanganywa na dawa ya kufungua kifua katika kipulizio kimoja. Sababu ni kwamba mgonjwa anayetegemea salbutamoli tupu huona nafuu ya haraka, akaamini amepona, huku uvimbe ukiendelea chini kwa chini hadi siku ambayo kipulizio hakimsaidii tena. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka budesonidi katika orodha yake ya dawa muhimu. Kwa hiyo haiwezi kusemwa kwamba hizi ni dawa za anasa za mataifa tajiri.

Hata hivyo bado wako wagonjwa wanaoendelea kumeza vidonge vya salbutamoli au aminofilini mwaka hadi mwaka. Vidonge hivyo hufanya kazi polepole kuliko dawa ya kuvuta, na madhara yake ni makubwa zaidi: mikono hutetemeka na moyo hudunda. Wako pia wanaopewa dawa za viuavijasumu kila wanapobanwa, ingawa mara nyingi hapana bakteria wa kuuawa. Na wako wanaokataa kipulizio kwa kuamini kwamba ukishakianza hutakiacha, au kwamba ni dawa ya mtu aliyekaribia kufa. Imani hizi hazina msingi. Dawa ya kuvuta huenda moja kwa moja penye ugonjwa, kwa kipimo kidogo sana kikilinganishwa na kidonge.

Matokeo ya mambo haya yanaonekana duniani. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na kwamba watu 455,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Vifo vingi hutokea katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa hautambuliwi na dawa hazipatikani kwa urahisi.

NJOMBE INALIJUA SOMO HILI

Iko hoja inayosikika mara kwa mara, nayo ni kwamba mwananchi wa kawaida hawezi kutumia dawa kila siku hali haumwi. Anayesema hivyo mbele ya watu wa Njombe hajui anazungumza na nani. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulionyesha kwamba Njombe ilikuwa na kiwango cha maambukizi ya virusi vya UKIMWI cha asilimia 12.7 miongoni mwa watu wazima, kikubwa kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Huo ni mzigo mzito. Lakini katika kuubeba, mkoa huu umejifunza jambo ambalo mikoa mingine haijajifunza kwa kiwango hicho. Maelfu ya wakulima, wapasua mbao, mama lishe na watumishi humeza dawa kila siku ya Mungu wakiwa na afya njema, kwa sababu wanaelewa kwamba afya hiyo inatokana na dawa. Zipo kliniki zenye daftari la kila mgonjwa, zipo tarehe za kurudi, wapo wahudumu wa kumtafuta aliyekosa kufika, na wapo wagonjwa wanaowafundisha wagonjwa wenzao.

Je, kwa nini utaratibu huo huo usimfikie mgonjwa wa pumu? Yeye naye ana ugonjwa wa kudumu unaotulizwa na dawa ya kila siku. Lakini kwake mara nyingi hapana daftari, hapana tarehe ya kurudi, wala hapana mtu wa kumwuliza kwa nini hakuonekana mwezi huu. Anafika akiwa amebanwa, anahudumiwa kama mgonjwa mpya, na historia yake yote inabaki katika kumbukumbu za mama yake. Tunachokidai hapa si jengo jipya wala mtambo wa fedha nyingi. Ni kuuchukua utaratibu ambao watumishi wa afya wa Njombe wanaujua kwa moyo na kuutumia kwa ugonjwa mwingine.

Aidha, katika mkoa wenye UKIMWI na kifua kikuu, kila kikohozi kirefu huwa na haki ya kushukiwa kuwa kifua kikuu, na ni sahihi kukipima. Lakini vipimo vikionyesha kwamba si kifua kikuu, kazi haijaisha. Mgonjwa aulizwe: kikohozi huja usiku? Huja na baridi au moshi? Kifua hutoa mlio? Kuna mtu mwenye pumu katika ukoo? Utafiti uliofanyika katika miji ya nchi 6 za Afrika, Uganda ikiwa mojawapo, na kuchapishwa mwaka 2024, uliwauliza wanafunzi zaidi ya 27,000 wa umri wa miaka 12 hadi 14. Karibu asilimia 12 walikuwa na dalili za pumu, na katika hao ni mmoja tu kati ya kila watano aliyekuwa amewahi kuambiwa na mganga kwamba ana pumu. Waliobaki walikuwa wakiumwa ugonjwa usio na jina.

WAJIBU WA WALIMU

Takwimu hiyo yatosha kumwonyesha mwalimu kwamba darasani mwake wamo watoto wa namna hiyo. Tena shule zetu, bila kukusudia, zina desturi zinazowabana. Mchakamchaka wa alfajiri ni desturi njema yenye kujenga ukakamavu, lakini kwa mtoto mwenye pumu, kukimbia saa kumi na mbili asubuhi katika baridi ya Julai kunaunganisha vichokozi viwili kwa pamoja. Mtoto huyo asifanywe mvivu wala asichapwe kwa kubaki nyuma. Wala dawa si kumzuia michezo maisha yake yote, kwani mwenye pumu iliyotulizwa vizuri anaweza kucheza na kukimbia kama wenzake. Dawa ni kutibiwa ipasavyo, kuanza na mazoezi mepesi ya kupasha mwili moto, na kufunika pua na mdomo kwa kitambaa asubuhi za baridi kali.

Ndivyo ilivyo kwa usafi wa madarasa. Kufagia sakafu kavu dakika chache kabla ya kipindi cha kwanza ni kuwapa wanafunzi vumbi kama kifungua kinywa. Maji kidogo yanyunyizwe kwanza, na mwenye pumu apewe kazi nyingine isiyo ya ufagio wala ya kufuta ubao.

Vilevile kila shule iwe na orodha ya wanafunzi wenye pumu, na kipulizio cha mwanafunzi kisifungiwe katika kabati la ofisi ambayo ufunguo wake umekwenda mjini na mwenyewe. Kila mwalimu ajue la kufanya mtoto akibanwa. Aketishwe wima, asilazwe. Watu wasimzonge. Apewe dawa ya kufungua kifua, mpulizo mmoja mmoja, na baada ya kila mpulizo avute pumzi nne hadi sita, mpaka mipulizo minne. Asipopata nafuu katika dakika chache, apelekwe kituo cha afya, na dawa iendelee njiani, hadi mipulizo kumi. Akishindwa kumaliza sentensi kwa pumzi moja, midomo ikigeuka rangi, akianza kusinzia, au kifua kilichokuwa kikilia kikanyamaza ghafla huku yeye akiendelea kuhangaika, hiyo ni hatari kubwa na hapana kungoja. Kunyamaza kwa kifua namna hiyo si nafuu, ni dalili kwamba hewa haipiti tena.

Wengine watauliza kuhusu chombo cha kupitishia dawa, ambacho humsaidia mtoto kuivuta yote badala ya kuipoteza kinywani. Jibu lilipatikana Cape Town. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulionyesha kwamba chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitako na kubandikwa kipulizio pasipo kuacha upenyo, iliwasaidia watoto waliobanwa sawasawa na chombo cha kiwandani. Chupa za namna hiyo zimejaa katika majalala ya Makambako. Hapa umaskini hauwezi kuwa kisingizio.

JIKONI NA OFISINI

Lakini kumtibu mgonjwa na kumrudisha katika moshi ni sawa na kuchota maji kwa pakacha. Mei 2024 Serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye lengo la kuwafikia asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikwisha kuagizwa kuacha kuni na mkaa, na Januari 2024 ukawekwa kuwa mwisho. Shule za bweni zimo katika agizo hilo. Mara nyingi suala hili husemwa kwa lugha ya kuokoa misitu, na ni kweli. Lakini katika Njombe, ambako miti hupandwa kama zao na kuni si shida, mwananchi aweza kujiuliza kwa nini aache kuni. Jibu lake liko kifuani mwa mpishi wa shule na kifuani mwa mtoto anayebebwa mgongoni wakati mama yake akipika. Na kwa familia ambayo bado haina uwezo wa gesi, yako mambo yasiyongoja fedha: kuni kavu badala ya mbichi, dohani au tundu la kutolea moshi, jiko lihamishwe nje ya chumba cha kulala, na mtu yeyote asivute sigara ndani ya nyumba.

Watumishi wa Halmashauri nao wana sehemu yao. Anayeandaa maombi ya dawa kwa Bohari ya Dawa na kuandika salbutamoli bila kuandika steroidi ya kuvuta, amekwisha kuamua kwamba wagonjwa wa eneo lake watabanwa. Huenda hajui kwamba ameamua hivyo, na ndiyo maana jambo hili linaandikwa hapa. Baraza la Madiwani linapojadili bajeti ya afya, Diwani anayo haki ya kuuliza swali jepesi: dawa ya kuzuia pumu ipo katika zahanati zetu, au ipo ile ya kufungua kifua tu? Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Bima itamfaa mgonjwa wa pumu ikiwa kadi yake itampatia dawa ya kuzuia, si kitanda cha kulazwa peke yake.

Yupo atakayesema kwamba mipango kama hii ni ya nchi tajiri. Finland, nchi yenye baridi kuishinda Njombe mara nyingi, iliendesha mpango wa taifa wa pumu kuanzia 1994 hadi 2004. Siku za wagonjwa kulala hospitalini zilipungua kwa zaidi ya nusu, ingawa waliotambuliwa kuwa na pumu waliongezeka. Ni kweli Finland ni tajiri. Lakini ilikuwa tajiri hata kabla ya 1994, na wagonjwa wake walikuwa wakilazwa. Kilichobadilika ni mpango: kutambua mapema, kuanza na dawa ya kutuliza uvimbe, kuwafundisha wauguzi na wauza dawa, na kumwandikia kila mgonjwa maelekezo ya kujitunza mwenyewe.

Na sisi tunayo historia yetu. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya mamilioni ya wananchi katika vikundi vya kusikiliza redio, wakajifunza, kisha wakatoka na majembe kuchimba vyoo. Nchi haikuwa tajiri mwaka huo. Kilichokuwapo ni imani kwamba mwananchi akielezwa chanzo cha maradhi yake, kwa lugha yake, na akaonyeshwa la kufanya, atalifanya.

Majira ya baridi hayamngoji mtu. Kila mwaka Juni itafika Njombe na ukungu wake, na Septemba itafika Makambako na vumbi lake. Mwalimu Mkuu anaweza kuandika orodha ya wanafunzi wake wenye pumu wiki hii. Mganga wa zahanati anaweza kufungua daftari la wagonjwa wake kesho asubuhi. Mfamasia anaweza kuongeza mstari mmoja katika maombi ya dawa yanayofuata. Hakuna hata mmoja kati yao anayehitaji kungoja waraka kutoka Dodoma ili atimize wajibu huo.